Mgomba Ndani ya Sweta Yangu

Dada yangu alinipigia simu ya video ili nimwone akiwa amevaa ovaroli. Ilikuwa saa saba mchana Dubai, saa sita kule nyumbani, nami nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za ghorofa ya kumi na nne nikila wali wa jana. Alimpa bibi simu amshikie, akarudi nyuma hatua kadhaa pale uani, akageuka polepole kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Ovaroli ilikuwa ya buluu, mikono yake ikimfunika mpaka vidole, na mgongoni ilikuwa na jina la chuo.

"Geuka tena," nikamwambia.

Aligeuka. Ndipo nikaona kwamba nyuma yake, kando ya migomba, kulikuwa na makaburi matatu.

Kwetu kuna makaburi mawili. La baba lina saruji. La mama ni udongo mtupu, kwa kuwa alipofuata mwaka uliofuata hatukuwa na cha kununulia saruji. Nayajua yote mawili vizuri. La tatu lilikuwa jipya, jekundu, fupi kuliko mengine, kama la mtu aliyelazwa amekunja magoti.

"Hilo kaburi ni la nani?"

Dada yangu aliacha kugeuka. Akamtazama bibi, na kwa kuwa bibi ndiye aliyeshika simu, ikawa ananitazama mimi moja kwa moja.

"Lipi?"

"Hilo jipya."

"Mtandao unasumbua, Kaka."

Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikuwa namwona kuku akipanda lile tuta na kuanza kuparura. Kisha picha ikakatika.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, muhula wa pili, wiki mbili baada ya kumzika mama. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa kifungua mimba, na nyuma yangu kulikuwa na wawili, mvulana na huyu msichana, ambaye wakati huo alikuwa bado anajifunza kuandika jina lake. Nilitundika sweta ya shule kwenye msumari nyuma ya mlango, nikaenda kubeba matofali. Mengine yote, mpaka nikafika huku na kuvaa sare ya ulinzi, yalianzia kwenye msumari ule.

Mdogo wangu wa kiume alijiunga na chuo cha ufundi kilicho karibu na kwetu. Alidumu muhula mmoja. Karo ilipochelewa alibaki nyumbani siku mbili, zikawa wiki, na hakuna mtu wa chuo aliyemtafuta kumuuliza yuko wapi. Sasa anapasua mawe upande wa pili wa mlima na hapendi kuulizwa habari za chuo.

Kwa hiyo niliposikia kwamba serikali imetoa fedha kwa vyuo vidogo kama kile, ili wachukue watoto ambao wasingefika chuoni kabisa, na ili wakishafika wasipotelee njiani, nilimwambia dada yangu ajaze fomu siku hiyohiyo. Mayatima walikuwa wa kwanza kufikiriwa. Wangelipiwa karo, wangepewa kitanda bwenini na chakula cha mchana, na chuo kingefungua ofisi ya kumfuatilia mwanafunzi anayeanza kukosa darasa. Hiyo ofisi ndiyo niliyoipenda. Nilimfikiria mdogo wangu na zile siku zake mbili.

Alichagua kozi ya umeme. Jina lake lilitoka kwenye orodha. Nilinunua soda nikainywa peke yangu kwenye kituo cha basi cha Al Nahda, nikatabasamu mpaka mama mmoja Mfilipino akasogea mbali nami.

Sikuwahi kumuuliza alivyoijaza fomu.

Nililinda mnara mpya karibu na mpaka wa Sharjah, wa ghorofa thelathini na mbili, uliokuwa umekamilika ila haujapata mpangaji hata mmoja. Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Kila baada ya saa mbili nilipanda kwa lifti mpaka juu, nikashuka kwa miguu, nikipita kila korido. Milango yote ilikuwa imefungwa na bado ina karatasi za plastiki. Hapakuwa na madirisha kwenye korido, kwa hiyo kulikuwa na taa za kujiwasha. Ukitoka kwenye ngazi, kidude cheupe kwenye dari kinakuona, na taa zinawaka mbele yako moja baada ya nyingine. Nilizizoea kiasi kwamba nilikuwa nazisalimu.

Wiki ileile ya simu ya ovaroli, taa ziliacha kuniona.

Ilianza ghorofa ya kumi na tisa. Nilifungua mlango, nikapiga hatua, na giza likabaki giza. Nilipunga mkono. Niliruka. Nilitembea korido nzima nikigusa ukuta, nikisikia plastiki za milango zikipumua kidogo nilipopita. Kesho yake ikawa ya ishirini, na ya kumi na nane. Nilimpelekea msimamizi taarifa. Mafundi wa umeme walikuja asubuhi, taa zikawaka zote mara moja kwa ajili yao, wakanitazama na kuondoka.

Siku mbili baadaye, mashine ya getini nayo ikakataa uso wangu. Ni kioo kidogo unachokitazama unapoingia kazini, na sauti ya mwanamke inakushukuru kwa Kiingereza. Nilisimama mbele yake, ikachora duara jekundu, ikanyamaza. Wenzangu walipita kushoto na kulia, mmoja mmoja, wote wakishukuriwa.

"Uso wako umeupeleka wapi?" msimamizi akauliza. Tulimwita Sir. Alijaribu kunisajili upya mara mbili. "Khalas, yatosha. Andika jina kwenye daftari."

Rafiki yangu pale mnarani alikuwa mfanya usafi, mtu wa Tanga, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini. Ndiye niliyemweleza habari za lile kaburi, kwa kuwa alikuwa anajua kusikiliza huku anapiga deki.

"Umewauliza?"

"Dada yangu amekata simu. Hapokei."

"Muulize mkubwa wa nyumba, bwana mdogo. Watoto wanaogopa. Wazee hawana wanachoogopa tena."

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilimpigia bibi, ambaye kwetu tunamwita Kukhu. Nilimpata peke yake. Nilisikia kwamba anachambua mboga, majani yakikatika karibu na simu.

"Kukhu, mmezika nani?"

"Wewe."

Alisema hivyo kama anayeniambia wameuza kuku.

"Mimi niko hai, Kukhu. Naongea nawe."

"Najua uko hai. Ungekuwa umekufa ningekuzika vizuri zaidi."

Akanieleza, bila haraka. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika mlezi, na mlezi alikuwa mimi. Dada yangu alikuwa amesikia habari za msichana wa jirani ambaye mwaka uliotangulia aliondolewa kwenye orodha ya msaada mwingine wa karo kwa sababu mama yake ni mfanyakazi wa nyumbani Uarabuni. Kwetu mtu akishavuka kuja huku, watu wanaamini analala juu ya dhahabu. Sisi tunalala sita chumba kimoja na zamu ya kuoga imebandikwa mlangoni, lakini hilo nani atalijua? Basi dada yangu akaandika baba marehemu, mama marehemu, na kaka marehemu.

"Alikuja kuniambia akilia," Kukhu akasema. "Lakini karatasi ilikuwa imeshafika kwa serikali. Neno kama hilo halirudi mikono mitupu. Limetumwa kumtafuta mtu mwenye jina lako. Ningefanya nini? Nikalipatia mtu."

Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, kama amezama ziwani au ameliwa na mji, huzikwa mgomba mahali pake. Unachimbiwa kaburi, unalazwa kama mtu, na waliobaki wanapata usingizi. Nimeona ikifanywa mara moja, nikiwa mdogo. Sikuwahi kusikia imefanywa kwa mtu anayepiga simu nyumbani kila Jumapili.

"Tulichagua wa kimo chako," akasema. "Ulikuwa mzito, tukaukata majani. Tukaung'oa na mizizi yake."

"Mkauzika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo uchi? Wewe ni mjukuu wangu. Niliuvika sweta yako ya shule."

"Ile ya kijani?"

"Una nyingine?"

Nilimuuliza siku. Alipoitaja, nilihesabu nyuma kwa vidole, nikahesabu tena. Ilikuwa siku ileile nilipotoka kwenye ngazi za ghorofa ya kumi na tisa na taa hazikuwaka.

Nilipomweleza mtu wa Tanga Jumamosi, aliegemea fimbo ya deki.

"Basi pole na msiba," akasema. "Marehemu alikuwa mtu mzuri, ila kununua chai hakuwa anapenda."

Tulicheka wote wawili. Sauti ilikwenda mpaka mwisho wa korido ikarudi, na iliporudi tukaacha kucheka.

Jioni hiyo dada yangu alituma ujumbe wa sauti. Alianza kwa kuomba msamaha, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Chuo kilikuwa kinakagua fomu. Vyeti vya vifo vya baba na mama vilikuwepo, cha kaka hakikuwepo. Alipewa mpaka Ijumaa. Naibu wa chifu, ambaye alikuwa ameliona kaburi kwa macho yake, alikuwa tayari kuandika barua ili cheti kitafutwe. "Ni karatasi tu, Kaka. Wewe utabaki kuwa wewe. Nikikosa hicho cheti wananitoa. Tafadhali usiniharibie."

Nilikwenda kazini siku tatu na ujumbe ule mfukoni. Mashine ya getini ilinikatalia kila asubuhi, nikaandika jina langu kwenye daftari, na kila mara mwandiko ulionekana kama wa mtu mwingine. Koridoni nilitembea gizani na tochi. Nilijaribu kuiona faida ya hicho cheti. Dada yangu angesoma miaka yake miwili, angekula mchana, angelala bwenini. Nami ningebaki hivi nilivyo, kwani nani hapa ananitambua? Taa tu, nazo zilikuwa zimeacha.

Lakini kila nilipofika mwisho wa hesabu hiyo nilikwama mahali pale pale. Nilikuwa nimefanya jambo moja maishani. Nilitoka darasani ili wao wabaki. Nikikubali kuwa marehemu, siku wakigundua, na watu wa kwetu wangegundua kwa kuwa wapo wengi huku wanaoniona, wangemtoa yeye akiwa katikati ya kozi, pamoja na jina baya. Nilikuwa nimeshamwona mmoja akirudi nyumbani kutoka chuo kile. Sikutaka kumwona wa pili, tena kwa sababu yangu.

Jumatano, saa ya chakula, nilipiga namba ya chuo. Nikaomba ile ofisi ya kufuatilia wanafunzi. Ilipokea sauti ya mama mmoja, sauti ya mtu aliyezoea kuuliza watu walipo.

Nilimtajia jina la dada yangu.

"Ndiyo, tunamngoja alete cheti cha kaka yake. Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ndiye kaka yake."

"Kaka yupi? Hapa ana kaka mmoja anayepasua mawe."

"Yule mwingine, madam. Aliyekufa."

Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Unapiga kutoka wapi?" akauliza, polepole.

"Dubai."

"Ahaa," akasema, na sauti yake ikarudi ilipokuwa. "Nilidhani mbali zaidi."

Nilimweleza yote, hata mgomba. Sikuficha kwamba dada yangu alidanganya, wala kwamba niliambiwa ninyamaze. Alinikatiza mara mbili tu. Mara ya kwanza aliuliza niliishia darasa gani, na nani alikuwa ananisomesha wakati huo. Mara ya pili aliuliza tunalala wangapi chumbani. Nilimsikia akiandika.

"Siwezi kukuahidi kitu," akasema mwishoni. "Hii itarudi kwa kamati, na kamati inaweza kumtoa. Lakini nataka kesho asubuhi awe darasani. Na keshokutwa. Akianza kukaa nyumbani kungoja majibu, tumeshampoteza hata kama majibu ni mazuri. Umenielewa? Na wewe nitumie picha yako ya leo, umeshika karatasi yenye tarehe. Siwezi kwenda mbele ya kamati na sauti."

Mtu wa Tanga ndiye aliyenipiga picha. Tulikuwa ghorofa ya kumi na tisa, na sikutaka kushuka. Nilisimama ukutani na karatasi kifuani. Alipiga, akaitazama, akanipa simu. Karatasi ilionekana, tarehe inasomeka. Vifungo vya sare vilionekana, na mikono miwili. Juu ya kola hapakuwa na kitu, weusi tu.

"Ni giza la hapa," nikasema.

"Ni giza la hapa," akakubali. "Yalla, twende nje."

Tulisimama mbele ya mnara, jua likiwa utosini, lami ikichemka chini ya viatu, mpaka macho yangu yakatoa machozi. Ndiyo picha niliyoituma. Nimekunja uso kama mtu aliyetolewa shimoni.

Dada yangu hakuongea nami wiki mbili. Alituma ujumbe mmoja tu: "Ungekaa kimya." Kukhu ndiye aliyenipa habari. Kwamba kule bwenini anaamka, anavaa ovaroli, anakwenda darasani. Kwamba hali chakula cha chuo, anasema si chake bado. Kwamba yule mama wa ofisini anapita mlangoni mwa darasa kila siku, anachungulia, anaondoka.

Kamati ilikaa. Walimpa onyo la maandishi kwa kudanganya. Kitanda cha bweni walikiondoa wakampa mwanafunzi mwingine, kwa hiyo ingembidi atembee kutoka nyumbani mwendo wa saa moja na nusu kila asubuhi, na mwendo uleule kila jioni. Karo waliendelea kumlipia. Kwenye sehemu ya mlezi waliandika ndugu, aliyeacha shule kidato cha pili, anaishi nje ya nchi. Alinipigia kunisomea barua hiyo, akaisoma kwa ukali kama ananigombeza, na alipofika kwenye hayo maneno ya mwisho akayasoma mara mbili.

"Utatembea?" nikamuuliza.

"Kwani nina gari?"

Akaanza kutembea. Nilikuwa najua yuko wapi kwa saa: anapita kanisani, anavuka mto, ameona paa la chuo.

Mwezi mmoja baadaye, bado joto lilikuwa kali, nilimsimulia habari za taa. Nilisimulia kama mzaha, ingawa siku hizo nilikuwa nimeanza kupita ghorofa ile mbio. Hakucheka.

"Hiyo korido ina kiyoyozi?"

"Hawakiwashi. Hakuna mtu anayekaa humo."

"Kuna joto kiasi gani?"

"Kama kupumuliwa na mtu."

"Ndiyo hiyo, Kaka. Hicho kidude ni kihisi. Hakioni mtu, kinaona joto linalotembea. Tumefundishwa wiki jana. Kama hewa ina joto sawa na la mwili wako, kwake wewe ni hewa. Mafundi walikuja asubuhi, eeh? Asubuhi kulikuwa na baridi kidogo." Akafikiri. "Chukua chupa ya maji ya barafu, uipitishe mbele yake."

Nilinunua chupa ya maji yaliyoganda. Nikapanda ghorofa ya kumi na tisa, nikasimama penye giza, nikainua mkono juu na kuipitisha chupa kutoka kushoto kwenda kulia. Taa zikawaka mbele yangu, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Nilisimama pale maji yakinitiririka ndani ya mkono wa shati. Msichana aliyesimama mbali namna ile, kwenye uwanja wa chuo kidogo ambacho watu wa mjini hawakijui, alikuwa amewasha taa za Dubai.

Nilipomwambia Kukhu, alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri," akasema. "Na ile mashine ya uso?"

Ile ya uso sijapata maelezo yake. Mpaka leo naandika kwenye daftari.

Nilimwomba waufukue mgomba, kwa kuwa karatasi imeshasahihishwa. Alikataa. Alisema yeye ameshanizika mara moja na mikono yake imechoka, na kwamba neno lile limepewa mtu wake limetulia, tusiliamshe kwa majembe. Sikubishana naye.

Jumapili iliyopita dada yangu alinipigia simu ya video. Ametoka kanisani, bado amevaa viatu vizuri. "Nataka uone kitu," akasema, "lakini usianze maneno." Akatembea mpaka kando ya migomba, akageuza simu.

Kaburi la tatu lilikuwa limepasuka katikati. Kwenye ufa yalikuwa yametoka machipukizi mawili ya mgomba, yamekunjwa kama barua, na moja lilikuwa limepanda na uzi wa kijani uliojizungusha shingoni mwake. Udongo uliolizunguka ulikuwa umelowa. Mtu alikuwa ameumwagilia.

"Kukhu anasema usikatwe," dada yangu akasema. "Watoto wa jirani wamekatazwa kusogea. Utazaa, na ndizi zake hakuna anayeruhusiwa kuzila."

"Zitaoza basi?"

Akaigeuza simu, uso wake ukarudi.

"Anasema ni zako. Anasema ukirudi, kabla hujaingia ndani, ule moja hapo nje, yeye akikuangalia, ajue aliyerudi ni yupi."